Nani wa Kuifungua? Historia ya Zana za Kutengeneza Programu, Machame na Moshi

Mwaka 2008 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba inaandaa toleo jipya la programu yake ya kanzidata, SQL Server, na kwamba likiwa bado jikoni toleo hilo litaitwa Kilimanjaro. Wahandisi wake walikuwa na desturi ya kuzipa kazi zao majina ya milima na nyika za mbali: toleo la 2005 waliliita Yukon, la 2008 Katmai, na lililokuja baada ya Kilimanjaro waliliita Denali. Bidhaa ilipoingia sokoni mwaka 2010 jina la mlima lilikuwa limeshaondolewa, ikauzwa kama SQL Server 2008 R2.

Wakati majina hayo yakigawiwa Marekani, kwenye Kilimanjaro yenyewe watu walikuwa wanajaza kanzidata zao siku nyingi. Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, mjini Moshi, wakunga walikuwa na kumbukumbu za karibu miaka minane za akina mama waliojifungulia pale. Kwenye hospitali za Kilutheri za kaskazini mwa Tanzania, wagonjwa walianza kuandikishwa kwa programu iliyoandikwa Ujerumani ikaja kushonwa upya Tanzania. Na upande wa magharibi wa mji, ambako barabara ya Machame inapanda kutoka njia panda kupita vihamba vya migomba na kahawa, vituo vya afya viliendelea kupiga tali kwenye vitabu, ili mwisho wa mwezi hesabu zishuke wilayani Hai.

Historia ya zana za kutengeneza programu huandikwa mara nyingi kama orodha ya makampuni na wavumbuzi wa Marekani. Ukiitazama kutoka mlimani, inakuwa historia ya swali moja linalojirudia kila kizazi: chombo kikikwama, nani aliye karibu anayeweza kukifungua?

Daftari lililosomeka

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na kujenga kituo chao Nkwarungo. Shule zao zilitoa walimu na wainjilisti, na baadaye zikatoa makarani. Kahawa ilipokwisha kukolea vihambani, makarani hao wakapata kazi nyingine. Chama cha wakulima cha KNPA kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU.

Ushirika ule ulisimama juu ya hesabu. Mkulima aliipeleka kahawa kwenye chama chake cha msingi, ikapimwa, na karani akaandika jina na kilo. Mkulima akapewa malipo ya awali. Kahawa ilipouzwa, malipo ya pili yalipaswa kumrudia mkulima yuleyule kwa kiasi cha kilo zilezile. Kosa la mstari mmoja kwenye daftari lilikuwa ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Kwa hiyo vitabu vilikuwa na utaratibu: stakabadhi yenye nakala, daftari la mwanachama, mizania ya chama, na mkaguzi aliyekuja kulinganisha kimoja na kingine. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilifundisha watunza vitabu wa nchi nzima.

Upande wa Machame kulikuwa na hesabu za namna nyingine. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934, kiliishi kwa kumbukumbu za mavuno na magonjwa ya mibuni, msimu baada ya msimu. Kwa kazi ya namna hiyo ndipo zilipopatikana aina za kahawa ambazo wakulima wa mlimani wamezipanda kwa miongo, N39 na KP423.

Vitabu hivyo vilikuwa vizito, tena vya polepole, lakini vilikuwa na sifa moja kubwa. Karani akifariki au akihama, mwingine aliyesoma utunzaji wa vitabu aliweza kulifungua daftari na kuendelea pale pale mwenzake alipoishia. Hata Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha, maarifa ya kusoma daftari hayakufutika.

Marufuku

Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za wakati huo zilijaza chumba, na programu zake ziliandikwa na wachache waliofunzwa na mtengenezaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hazina ilijaribu kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta. Kazi ikaenda kombo. Hesabu zilivurugika, fedha zikapotea, na waliojua mfumo ule kwa undani walikuwa zaidi wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu.

Wengi hukumbuka upande wa televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Bara iliendelea na redio peke yake hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya kwanza, kikiwamo ITV cha Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame. Upande wa kompyuta hasara yake ilikuwa ya kimyakimya. Wenzetu wa nchi nyingine walipokuwa wakijifunza kanzidata ya dBASE na lugha ya BASIC kwenye kompyuta ndogo za kwanza, kijana wa Moshi hakuwa na mashine ya kugusa. Masharti yalianza kulegezwa miaka ya 1980, na mashine zikaingia kwa vibali, hasa kupitia miradi ya wafadhili, mashirika ya umma na vyuo.

Ni rahisi kuicheka marufuku ile leo, ila sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Serikali ilikuwa imeungua kwa mfumo ambao watu wake hawakuweza kuufungua. Tiba ndiyo iliyokosewa: badala ya kuongeza watu wanaojua, ikapunguza mashine.

Chumba cha Access

Kwa hiyo wimbi la kwanza kubwa la programu zilizotengenezwa kwa mahitaji ya hapa lilikuja na chombo chepesi. Microsoft Access ilitoka mwaka 1992. Ilimruhusu mtu asiye mhandisi kuchora jedwali, kutengeneza fomu yenye visanduku na vitufe, kuandika maswali ya kuchambua data, na kupata ripoti, vyote ndani ya faili moja kwenye kompyuta ya mezani. Daktari, mtakwimu au mhasibu aliyekaa nayo wiki kadhaa angeweza kutoka na mfumo unaofanya kazi.

Mwaka 1999 KCMC, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971, ilianzisha kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway rejista ya uzazi, iliyoanza kukusanya kumbukumbu mwaka 2000. Norway ilikuwa na rejista ya namna hiyo ya kitaifa tangu 1967; barani Afrika lilikuwa jambo geni. Utaratibu wake ni huu. Ndani ya saa 24 baada ya mama kujifungua, au baadaye kidogo kama alipata matatizo, mkunga aliyefunzwa humkalia kitandani na dodoso: umri, elimu, kazi yake na ya mwenzi wake, mimba zilizopita, maradhi wakati wa ujauzito, namna alivyojifungua, uzito wa mtoto. Mengine huyachukua kwenye kadi ya kliniki na faili la hospitali. Kisha fomu huenda kwenye chumba cha rejista, na kila jibu linaingizwa kwenye Access.

Uamuzi mmoja wa wabunifu wa rejista ulikuwa na thamani kuliko fomu zote. Kila mama alipewa namba yake ya utambulisho, na akirudi kujifungua tena baada ya miaka mitatu au saba, namba ni ileile. Jedwali likaweza kuunganisha mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu wa mama mmoja. Hapo ndipo kanzidata inapolipita daftari, kwa sababu daftari la wodi humjua mama kwa siku aliyolazwa tu.

Matunda yake yalionekana kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na rejista hiyo. Ulionyesha kwamba mama aliyepoteza mtoto wakati wa kujifungua au siku chache baadaye alikuwa na hatari takriban mara tatu ya kumpoteza tena katika uzazi unaofuata, akilinganishwa na mama ambaye mtoto wake alinusurika. Jambo kama hilo humwambia mkunga wa Machame au Kibosho ni nani wa kumpeleka mapema hospitali kubwa. Lilitoka kwenye programu iliyokaa kwenye kompyuta ya mezani.

Access haikuishia uzazini. Huduma ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ilipoanza kitaifa mwaka 2004, kliniki zilipewa kadi ya CTC1 ya mgonjwa na fomu ya CTC2 inayobaki kituoni. Kanzidata ya CTC2, iliyosambaa kwenye kliniki nchi nzima, nayo ilijengwa juu ya Access.

Waliozitumia wanajua pia adha zake. Faili la Access lina mwisho, nao ni gigabaiti 2. Watu watatu wakilifungua kwa pamoja kupitia waya wa mtandao, umeme ukakatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika, na asubuhi mtunza data anaanza kazi kwa kubonyeza kitufe cha kulikarabati huku akimwomba Mungu. Nakala husambaa: ya jana kwenye flashi, ya wiki iliyopita kwenye kompyuta ya bosi, na hakuna mwenye uhakika ipi ndiyo yenyewe. Zaidi ya hayo, fomu na vijimsimbo vilivyo nyuma yake mara nyingi vilijulikana na mtu mmoja tu.

Kutoka faili moja hadi seva

Adha hizo hazikuwa za Moshi peke yake. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulikuwa ni wa Access. Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, timu ya watafiti ilitengeneza programu ya takwimu za afya za wilaya, DHIS. Nayo ilikuwa ya Access. Kila mmoja aligonga ukuta uleule, na kila mmoja akaamua kuandika upya.

Timu ya Eldoret na Indiana ilianza OpenMRS mwaka 2004, ikatumika Eldoret kuanzia 2006. Timu ya DHIS, ikiongozwa sasa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, ikaandika DHIS2. Zote mbili zilichagua lugha ya Java, na zote mbili zilijengwa juu ya fremuweki za Spring na Hibernate.

Fremuweki ni msimbo ulioandikwa na kujaribiwa na wengine, unaofanya kazi zinazojirudia katika kila programu: kufungua mawasiliano na kanzidata, kuhakikisha nani ameingia na anaruhusiwa kuona nini, kupokea fomu kutoka kwenye kivinjari, kuzuia kumbukumbu mbili zisigongane. Mtengeneza programu anabaki na kazi ya kuandika yale yanayohusu mgonjwa na kituo chake. Faida nyingine ni ya utaratibu. Kila fremuweki ina mahali pake pa kuweka kila kitu, kwa hiyo anayeijua Spring akikabidhiwa mfumo ambao hakuuandika yeye, anajua aanze kutafuta wapi. Ile sifa ya daftari la ushirika, ya mwingine kuweza kuendelea, ikawa imerudi kwa njia nyingine.

Tanzania ilikuwa na jambo lake la kuilisha DHIS2. Tangu miaka ya 1990 vituo vyote vya afya hutumia vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Muuguzi wa zahanati anaandika kila mgonjwa kwenye rejista, anapiga tali kwa umri na ugonjwa, na mwisho wa mwezi anajumlisha kwenye fomu ya ripoti. Kwa Machame, ripoti ilishuka hadi Bomang'ombe, makao ya Wilaya ya Hai, ikajumlishwa na za vituo vingine, kisha jumla ikaenda mkoani na hatimaye wizarani. Kila ngazi ilibaki na jumla tu, na kosa la zahanati lilizama humo bila mtu kuliona.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia kwenye kazi ya DHIS mapema miaka ya 2000, na kufikia mwisho wa 2013 DHIS2 ilikuwa imefika mikoa yote ya Bara. Mratibu wa MTUHA wa wilaya sasa aliingiza ripoti ya kila kituo peke yake kwenye kivinjari, na aliyeko wizarani aliiona zahanati yenyewe. Kenya ilitangulia: mwaka 2011 iliendesha DHIS2 nchi nzima kwa seva moja ya mtandaoni, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuwa zimelithubutu. Intaneti ya wilayani ilikuwa ya kusuasua, kwa hiyo wahandisi waliongeza uwezo wa kivinjari kuhifadhi takwimu zilizoingizwa wakati mtandao umekatika na kuzituma unaporudi. Shida ya wilaya za Afrika Mashariki ikawa sehemu ya programu inayotumiwa leo katika makumi ya nchi. Watengeneza programu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao waliandika programu za kuongezea juu ya DHIS2, ikiwamo ya kupanga alama za utendaji wa mikoa na wilaya.

Care2x na hospitali za Kilutheri

DHIS2, kwa jinsi ilivyotumika kwa ripoti za MTUHA, ilihesabu, lakini haikumjua mgonjwa mmoja mmoja. Hospitali ilihitaji kitu kingine: mfumo wa mapokezi, malipo, maabara, wodi na duka la dawa. Kwa hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambazo ni zaidi ya 20 kote nchini, kitu hicho kiliitwa Care2x.

Care2x ilianzishwa na Elpidio Latorilla, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, ikaanza kutolewa bure mwaka 2002. Iliandikwa kwa PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka 1995, na ilihifadhi data kwenye MySQL. Vyote vilikuwa vya msimbo wazi, bila leseni ya kununua. Programu ilikaa kwenye seva moja ndani ya hospitali, na idara zote ziliifikia kwa kivinjari kupitia nyaya za jengo lenyewe. Intaneti ya nje ikikatika, kazi iliendelea. Kwa hospitali za kaskazini mwa miaka ile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ila hospitali ya Ujerumani si hospitali ya Haydom, kule Mbulu, wala ya Machame. Kule mgonjwa ana bima na ankara huifuata baadaye. Hapa mgonjwa hulipa dirishani kwanza, mwingine ana msamaha wa malipo, mwingine anaacha deni, na bei za dawa hubadilika na shehena. Kwa hiyo idara ya afya ya KKKT, yenye makao Arusha, pamoja na watengeneza programu wa Ujerumani na wa Tanzania, ikaikata na kuishona upya: malipo, maabara, dawa, na kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Haydom ni miongoni mwa hospitali zilizoitumia kwa miaka.

Kazi hiyo ilifundisha jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha Access. Msimbo ulipokuwa wazi, kijana wa idara ya kompyuta hospitalini aliweza kufungua faili la PHP, kusoma kwa nini risiti inatoka na jumla mbaya, na kurekebisha jioni hiyohiyo. Aliyeshindwa aliuliza mwenzake wa hospitali nyingine, kwa sababu walikuwa na msimbo mmoja. Hata hivyo uwazi pekee hautoshi. PHP yenyewe ilibadilika: toleo la 7 la mwaka 2015 liliondoa njia za zamani za kuwasiliana na MySQL ambazo programu nyingi za miaka ile zilizitegemea. Hospitali iliyokuwa na mtu wa kufuatilia mabadiliko ilisonga nayo. Isiyokuwa naye ilibaki na seva kuukuu isiyothubutu kuguswa, ikisubiri siku diski itakapokufa.

Kwa upande wa hospitali za umma, Serikali nayo ikaja na mfumo wake, GoT-HoMIS, ambao ulisambazwa kwenye hospitali na vituo vya halmashauri.

Tovuti za mlima na za halmashauri

Nje ya hospitali, kazi kubwa ya vijana wa Moshi wanaotengeneza programu imetoka kwenye utalii. Njia ya Machame ni kati ya zinazopendwa zaidi na wapandaji: wanaingia lango la Machame, wanapita Shira, Barranco na Karanga hadi Barafu, na baada ya kileleni wanashukia Mweka. Nyuma ya kila kundi kuna waongoza watalii, wapishi na wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, na nyuma yao kuna kampuni inayopaswa kuonekana na mtu aliyeko Ulaya au Marekani. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaunganisha miji ya mikoa, Moshi ikiwamo. Bei ya intaneti ikaanza kushuka, na biashara ya kutengeneza tovuti ikachanganya.

Zana zilikuwa WordPress, iliyotoka 2003, na Joomla ya 2005, ambayo jina lake waanzilishi walilitoa kwenye neno letu la jumla. Fundi alinunua kiolezo, akakibadilisha rangi, akaweka picha za Kibo na bei za siku saba. Kazi ilikuwa ya haraka na yenye kulipa. Tatizo lilijitokeza baadaye, na kila fundi wa Moshi analijua: jina la tovuti limesajiliwa kwa anwani ya aliyeitengeneza, nywila anazo yeye, na yeye amehamia Dar es Salaam au mmeachana kwa ugomvi. Mwenye kampuni anajikuta mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga.

Serikali ilikuwa na tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Kila taasisi ilikuwa na tovuti ya sura yake, iliyojengwa kwa zana yake, na nyingine zilikaa miaka bila habari mpya. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanza kazi mwaka 2012 na kugeuzwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ikatengeneza fremuweki ya pamoja ya tovuti za Serikali. Mwaka 2017 zikazinduliwa kwa pamoja tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 zilizojengwa juu yake, Kilimanjaro na Hai zikiwamo. Muundo ni mmoja na lugha mbili, na ofisa habari wa halmashauri huweka tangazo mwenyewe bila kumtafuta fundi. Wapo wanaolalamika kwamba tovuti hizo zinafanana mno. Kufanana huko ndiko kunakomwezesha ofisa aliyehamishwa kutoka Hai kwenda Rombo kufika asubuhi na kuanza kazi.

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano TTCL likafikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Desemba mwaka huohuo likaifikisha kilele cha Uhuru, mita 5,895. Picha ya kileleni hufika Berlin kabla mpandaji hajaanza kushuka.

Zana hufa, kumbukumbu hubaki

Kijana anayehitimu leo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anakutana na soko la zana lisilopumzika. Laravel ya PHP ilitoka mwaka 2011. React ya Facebook ilitoka 2013, na mwaka huohuo ikaanza Electron, ambayo hutengeneza programu za kompyuta ya mezani kwa teknolojia za tovuti. Flutter ya Google imekomaa tangu 2018. Kila moja ina wafuasi wanaoapa kwamba nyingine zote zimepitwa na wakati.

Historia inawajibu bila kelele. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998, ikatengeneza programu zisizohesabika za maduka na ofisi za nchi hii, na Microsoft ikasitisha kuihudumia mwaka 2008. AngularJS ya Google ilitoka 2010, na huduma yake ikafika mwisho mwaka 2021 unapokwisha. Wastani wa maisha ya zana ni mfupi kuliko wa mbuni mmoja wa kahawa. Rejista ya uzazi ya KCMC ina umri mkubwa kuliko nyingi kati ya zana hizi, na mtoto wa kike aliyeandikwa humo mwaka 2000 sasa ni mtu mzima anayeweza kuja kujifungua pale pale. Namba ya mama yake inapaswa kusomeka bado, hata kama programu iliyoiandika haipo tena.

Machame ina mfano wake wa zamani wa chombo kinachoishi kuliko mafundi wake. Ni mfongo, mfereji unaochepusha maji ya mto hadi vihambani. Waliouchimba wa kwanza hawapo, lakini maji yanapita, kwa sababu watumiaji wake hutoka na majembe siku ya kuuzibua, na anayekwepa zamu hulipa faini. Hakuna mtu anayeukodi mfongo kwa fundi mmoja na kumwachia ufunguo.

Ushirika, hospitali, shule na SACCOS za mlimani zinanunua programu mpya kila mwaka, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika sasa inavitaka vyama viingie kwenye mfumo wake wa kidijitali, MUVU. Kwa wanaoketi kwenye bodi hizo, ushauri unaotokana na miaka yote hii ni mfupi. Kabla ya kusaini, msiulize kwanza imejengwa kwa fremuweki gani. Ulizeni msimbo utakuwa mali ya nani, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, data zikitolewa zitatoka katika muundo gani unaosomeka na programu nyingine, na ni watu wangapi wa hapa watafunzwa kuirekebisha. Wawe wawili kwa uchache, na maelezo ya mfumo yaandikwe kwa Kiswahili ili wa tatu asome. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo, mrudishieni ankara yake.